Maji ya Siku Mia: Hesabu ya Jilaal Mjini Garissa na Nje Yake

Mvua za deyr zikikatika Garissa, kwa kawaida Desemba, huingia jilaal, kiangazi kikali kinachoendelea mpaka mvua za gu zipige mwishoni mwa Machi au Aprili. Ni kama siku mia moja. Mwaka mzuri hazifiki, mwaka mbaya hazina mwisho: kuanzia deyr ya 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya maana, na jilaal moja ikaungana na nyingine. Hata hivyo siku mia ni kipimo kizuri cha kupangia, kwa sababu ndicho kipindi ambacho bei ya mtungi wa maji hupanda wiki hadi wiki na mwenye nyumba hulipa tu, atake asitake.

Bei nitakazotaja hapa ni za kupigia hesabu. Garissa mjini, Dadaab, Modogashe na Hulugho hazina bei moja, na hata katika mtaa mmoja bei ya asubuhi si ya jioni pampu ikiharibika. Weka bei ya kwako penye yangu, hesabu itakwenda vilevile. Anayetaka kujua bei ya kaunti yake inaelekea wapi asome taarifa ya kila mwezi ya NDMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Humo huandikwa bei ya mtungi wa lita 20 na umbali ambao watu na mifugo wanatembea kufuata maji. Ni kurasa chache, hazilipiwi, na zina faida kuliko uvumi wa sokoni.

Kwanza kiasi. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia kote duniani, vinampa mtu lita 15 kwa siku kwa mahitaji yote ya lazima. Kati ya hizo, kama lita 7 ni za kunywa na kupikia. Nyumba ya watu saba basi inataka lita 105 kwa siku, yaani mitungi mitano na kidogo. Kwa siku mia ni lita 10,500, zaidi kidogo ya boza zima, lori la maji la lita 10,000. Lakini maji yanayoingia mdomoni, ya kunywa, ya chai, ya anjera, wali na mchuzi, ni lita 50 kwa siku, au lita 5,000 kwa jilaal nzima. Nusu ya pili ni ya kuoga, kufua, kuosha sufuria na kutawadha.

Pesa nyingi hupotea hapo katikati. Nyumba nyingi hununua maji ya aina moja, kwa bei moja, na kuyatumia kwa kila kazi. Chukua udhu peke yake: watu wazima wanne, mara tano kwa siku, kila mmoja akitumia birika la lita moja, ni lita 20. Huo ni mtungi mzima kila siku, mitungi 100 kwa jilaal. Kama mtungi ni shilingi 40, ni shilingi 4,000 za maji matamu yaliyopita viganjani, ilhali maji ya chumvichumvi yanafaa udhu bila shaka yoyote. Hata ya bahari yanafaa.

Mabaharia wa majahazi yaliyotoka Lamu na Mombasa kwenda Uarabuni waliishi kwa kanuni hiyo. Maji ya tangi la mbao yalikuwa ya kunywa na kupikia. Kuoga, kufua na kuosha vyombo ilikuwa kazi ya maji ya bahari. Garissa haina bahari, lakini ina visima vya chumvi na mto wa tope, na hizo ndizo bahari zetu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, nunua vyombo viwili vya rangi tofauti, kimoja cha maji ya mdomo na kingine cha maji ya kazi, na kila mtoto wa nyumbani ajue kipi ni kipi.

Sasa tuje kwa wauzaji. Aliye na mfereji wa kampuni ya maji ya Garissa, GAWASCO, hana mshindani. Bili ya mfereji huhesabiwa kwa mita ya ujazo, nayo ni lita 1,000, mitungi 50. Tuseme mita moja inakufikia kwa shilingi 100: mtungi ni shilingi 2. Punda akikuletea mtungi huohuo mlangoni kwa shilingi 20, unalipa mara kumi. Kwa hiyo mwenye nyumba asiye na mfereji, ambaye bomba kuu linapita mtaani kwake, ahesabu gharama ya kuunganishiwa dhidi ya mitungi anayonunua kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote. Mitungi mitano kwa siku kwa shilingi 20 ni shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa nyumba nyingi, miezi michache ya punda inatosha kulipia mfereji.

Shida ya mfereji ni kwamba hauwi na maji kila saa. Maji ya mji yanatoka Tana, na Tana ikija na tope zito au ikifurika, mitambo ya kusafisha hulemewa. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara ya Garissa pale Madogo, na watu wakazungukwa na maji ambayo hawangeweza kuyanywa. Mwenye mfereji basi anahitaji akiba ya siku chache. Tangi la lita 1,000 linamtosha. La lita 5,000 kwake ni pesa zilizolala, hata kama jirani amenunua.

Mkokoteni wa punda ndio maji ya wengi, kuanzia Bulla Iftin mpaka mitaa mipya ya pembeni ambako bomba halijafika. Mkokoteni mmoja hubeba mitungi kumi hivi, kilo 200 za maji, na bei yake hupanda kwa sababu tatu: foleni ya kioski, umbali, na punda mwenyewe. Hiyo ya tatu watu huisahau. Tangu machinjio ya punda yafunguliwe nchini kuanzia 2016 kwa ajili ya ngozi za kupeleka China, punda walipungua, wakaibwa, na bei yao ikapaa. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, mahakama ikaurudisha mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara ya ngozi hizo barani kote. Mwenye mkokoteni aliyenunua punda kwa bei ya juu, na anayelala akisikiliza zizi, hawezi kukuuzia maji kwa bei ya zamani.

Ukinunua kwa punda, tazama mtungi kabla ya kutazama bei. Ile mitungi ya njano iliyokuja na mafuta ya kupikia haifanani. Mwingine jua limeuvimbisha matumbo, mwingine umebonyea ubavuni na umekula lita mbili. Mtungi wa lita 18 kwa shilingi 20 ni sawa na kulipa shilingi 22 na senti kwa mtungi kamili. Pia maji yasimame shingoni, si mabegani. Mimina mtungi wake mara moja ndani ya wako mbele yake, bila ugomvi. Baada ya siku hiyo atakuletea mitungi mizuri. Na kama nyumba yako inachukua mitungi mitano kila siku, wewe ni mteja wa mitungi 150 kwa mwezi. Omba bei ya mwezi, na uiombe Desemba, si Februari.

Boza linaonekana rahisi kwa lita mpaka uulize maji yatamwagwa wapi. Tuseme lita 10,000 zinafika kijijini kwako kwa shilingi 12,000, dizeli na foleni ndani. Ni shilingi 24 kwa mtungi. Sasa zimwage kwenye berkad, tangi la kuchimbwa ardhini, yenye ufa: robo ikinywewa na ardhi, zimebaki lita 7,500, na mtungi umekuwa shilingi 32. Berkad iliyosakafiwa vizuri na kuezekwa ni mali ya miaka mingi. Yenye urefu wa mita 10, upana wa 5 na kina cha 3 hushika lita 150,000, maboza 15, na familia kumi zikichanga zinapita jilaal bila kumsujudia mtu. Lakini isiyoezekwa, jua la Garissa hulamba zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Katika siku mia za jilaal ni zaidi ya nusu mita ya kina. Kwenye berkad hiyo ni lita 25,000 na zaidi zilizokwenda hewani, maboza mawili na nusu. Mabati na miti ya kuezekea ni rahisi kuliko maboza mawili na nusu ya kila mwaka. Nashangaa mara ngapi mradi wa mamilioni unachimba shimo zuri na kuliacha wazi.

Boza la bure, lile la kaunti au la shirika wakati wa ukame, lichukue likija. Usilipangie. Linakuja mambo yakiwa mabaya tayari, na hujui litasimama kijiji kipi.

Tangi la nyumbani na paa la mabati ndilo shauri ambalo wauzaji wa matangi wanalisifu kupita kiasi na wanunuzi wanalipuuza kupita kiasi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 5 ni mita za mraba 40. Deyr ikileta milimita 100, zinaanguka lita 4,000, na ukitoa sehemu ya tano kwa mafuriko ya mfereji wa paa na maji ya kwanza unayoyaachia yaoshe vumbi na mavi ya ndege, unabaki na lita 3,200. Kwa lita 50 za mdomo kwa siku, ni siku 64. Paa moja la kawaida limekupitisha zaidi ya nusu ya jilaal kwa maji matamu kuliko ya boholi yoyote.

Lakini Garissa hupata kama milimita 300 kwa mwaka mzima, na mwaka mmoja haufanani na mwingine. Kwa hiyo hesabu ya tangi isisimame juu ya mvua peke yake. Tuseme tangi la lita 5,000, mifereji ya paa, koki na kitako cha saruji vimekugharimu shilingi 48,000. Lita 5,000 ni mitungi 250. Ukiinunua kidogokidogo wakati wa jilaal kwa wastani wa shilingi 40, ni shilingi 10,000. Ukilijaza tangi Desemba, mtungi ungali shilingi 20, ni 5,000. Mvua isiponyesha kabisa, tangi limekuokolea shilingi 5,000 kwa kununua kwa bei ya Desemba na kunywa Machi. Mvua ikikupa zile lita 3,200, unanunua mitungi 90 tu kwa shilingi 1,800, na umeokoa 8,200. Kwa mvua kama hiyo kila mwaka linajilipa kwa miaka sita ukihesabu jilaal peke yake, karibu nusu yake ukihesabu pia kiangazi cha katikati ya mwaka baada ya gu. Ambako mtungi hufika shilingi 50 na kupita, linajilipa mapema zaidi. Ambako kioski kiko hatua mia na bei haichezi, halijilipi kamwe, na fundi asikudanganye.

Mpangaji hana paa. Mwenye aqal, nyumba ya mikeka, hana bati. Kwa hao, tangi ni la kuchanga: nyumba nne zenye uelewano, tangi moja, kufuli moja, na mtu mmoja wa kuandika kwenye daftari. Nimeona mpango huo ukifanikiwa pale mwenye ufunguo alipokuwa mama mwenye sauti, na ukivunjika pale ufunguo ulipokuwa wa kila mtu.

Koki nayo isidharauliwe. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku. Kwa siku mia ni mitungi 21. Mpira wa koki ni shilingi chache.

Maji ya bure yana bei yake pia. Wanaokaa kandokando ya Tana, Sankuri au Korakora, wana mto mlangoni, wenye mamba, wenye tope, na wakati mwingine wenye kipindupindu. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 uligusa Garissa na kambi za Dadaab. Silanga, ambako ng'ombe, mbuzi na watoto huingilia lango moja, ni maji ya mifugo, na yafaa yahesabiwe hivyo. Boholi za mwamba wa maji wa Merti, ule unaopita chini ya Habaswein na Dadaab, zina maji mazuri katikati ya ukanda huo, kwa kina cha zaidi ya mita 100. Ukienda pembeni chumvi huongezeka mpaka ngamia hunywa na mtu hugeuza uso. Wajir mjini visima ni vifupi na vyoo viko karibu navyo. Maji ya hapo ni ya kazi, na anayeyanywa bila dawa anabahatisha.

Kuchemsha hakuondoi chumvi; huizidisha, maana maji hupungua na chumvi hubaki. Chumvi basi haina dawa ya jikoni, na maji ya chumvi yabaki ya kufulia. Kwa tope na vijidudu, kuna njia, nazo hazilingani kwa bei. Watu saba wakinywa lita 3 kila mmoja ni lita 21, mtungi mmoja kwa siku. Hayo ndiyo pekee yanayohitaji dawa, kwa sababu maji ya chai na ya wali yanachemka hata hivyo. Kidonge kimoja cha klorini cha mtungi wa lita 20, tuseme shilingi 5, ukingoje nusu saa: shilingi 500 kwa jilaal nzima. Kuchemsha mtungi huo kila siku kwa makaa kutakugharimu mara kadhaa ya hapo, na utakunywa maji ya moto kwenye jua la Februari. Maji ya mto yenye tope yatulizwe kwanza kwa shabu, yachujwe kwa kitambaa kizito, ndipo kidonge kiingie. Klorini ndani ya tope huisha nguvu kabla ya kufanya kazi. Asiye na shilingi 5 ajaze chupa angavu za plastiki, zisizozidi lita 2, maji yawe maangavu, azilaze juani kwa saa sita, na siku mbili kama mbingu ina mawingu. Ni bure. Kwa watu saba ni chupa kumi na moja kila siku, na kazi hiyo humwangukia mama yuleyule.

Mbuzi wa nyumbani nao wahesabiwe. Mbuzi mmoja hunywa lita 4 hivi kwa siku. Watano ni mtungi. Kwa shilingi 40 kwa siku mia ni shilingi 4,000, na Machi mbuzi aliyekonda sokoni anaweza asifike bei hiyo. Wanaokaa mjini na kufuga watano wa maziwa wajue kwamba kila jilaal maji humeza bei ya mmoja wao. Uza wawili Desemba, wakiwa wanene.

Kwa safari, hesabu hubadilika, maana hapa unalipa kwa uzito. Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na Mandera ni mbali zaidi ya hapo tena. Lori likizama njiani kituo kinachofuata hakina maana. Chukua lita 5 kwa kila mtu kwa siku za kunywa, na siku moja juu ya ulizopanga. Usiyaweke yote kwenye pipa moja. Katika mitungi mitano ukitoboka mmoja, umebaki na minne. Maji ya injini yawe kwenye mtungi wake, na yasiwe ya chumvi, huila rejeta. Chupa za dukani ni za mfukoni: kwa shilingi 50 kwa lita, ni bei ya mtungi mzima na zaidi kila unapofungua kizibo mara moja.

Kambi ya wafugaji inayohama ina maamuzi mawili, punda au ngamia. Punda hubeba mitungi minne, lita 80. Ngamia wa mzigo sita bila taabu, lita 120. Kwa lita 50 za mdomo kwa siku, mzigo wa punda ni siku moja na nusu, wa ngamia ni zaidi ya mbili. Lakini punda mwenyewe hunywa lita 10 na zaidi kila siku, na katika safari ya kwenda kisimani na kurudi kwa siku mbili atakuwa amekunywa robo ya alichobeba, kambi ikibaki na lita 60. Ngamia atapita wiki nzima bila kugusa mtungi. Kisima kikiwa ndani ya mwendo wa asubuhi, punda ni rahisi na mtoto anammudu. Kikivuka nusu siku, kodi ngamia, hata kwa bei ya mara mbili.